VIDONGE VYA KUKESHA: USINGIZI WA MKOPO HULIPWA KWA RIBA

Msimu wa mitihani ya chuo kikuu unapokaribia, nyumba nyingi za Rusizi huingiwa na matumaini na wasiwasi kwa wakati mmoja. Kijana aliyeondoka Kamembe, Bugarama au Mibirizi, akavuka msitu wa Nyungwe kwenda kusoma Huye au Kigali, hakubeba sanduku la nguo peke yake. Amebeba ng'ombe aliyeuzwa, mavuno ya kahawa ya msimu mzima, na mshahara wa baba askari au mama polisi uliopunguzwa mwezi baada ya mwezi ili ada ipatikane. Wengine kwa miaka mingi hawakwenda mbali: walivuka Mto Rusizi tu wakasoma katika vyuo vya Bukavu, mji unaoonekana kwa macho kutoka ng'ambo ya pili.

Uzito wa mzigo huo ndio unaowafanya baadhi ya wanafunzi, hapa kwetu na ulimwenguni kote, kutafuta njia ya mkato. Wenzao huwanong'oneza kwamba kuna vidonge vinavyofukuza usingizi na kufungua akili; ukimeza kimoja saa mbili usiku, utasoma hadi alfajiri bila kuchoka. Vidonge hivyo hutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, navyo hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwanafunzi mzima wa afya huvipata kwa rafiki, kwa mgonjwa aliyebakiza, au kwa muuzaji asiyeuliza maswali.

Makala hii inawahusu wazazi wa vijana hao, na vijana wenyewe. Swali lake ni moja: Je, vidonge hivi huongeza akili kweli, au huficha tu uchovu?

DAWA HIZI NI ZIPI

Dawa zinazozungumziwa hapa ni za makundi matatu. La kwanza ni amfetamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1887 na mwanakemia Mromania, Lazăr Edeleanu. La pili ni methilfenideti, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Ritalin. Hiyo ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon, mwanakemia wa kampuni ya CIBA ya Uswisi. Husimuliwa kwamba jina la Ritalin lilitokana na mkewe Marguerite, ambaye nyumbani aliitwa Rita. La tatu ni modafinili, dawa iliyo changa kuliko hizo mbili.

Dawa hizi zina kazi yake ya halali. Wapo watoto na watu wazima wenye maradhi ya kushindwa kutulia na kukaza fikra, ambayo madaktari huyaita kwa kifupi ADHD. Methilfenideti huwasaidia wengi wao kuishi na kusoma kama wenzao. Wapo pia wagonjwa wanaoshikwa na usingizi ghafula mchana, hata wakiwa katikati ya kazi. Hao hupewa modafinili au dawa za jamii ya amfetamini. Mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa dawa hizi na daktari hana sababu ya kuona haya, wala asimwachishe kwa sababu ya maneno ya majirani.

Katika Afrika Mashariki, tamaa ya kukesha ina sura nyingi. Mirungi, ambayo Wakenya huiita miraa, imetafunwa kwa karne nyingi Kenya, Ethiopia na Somalia, na wanafunzi wamo miongoni mwa watafunaji. Ndani ya majani yake mabichi mna kathinoni, kitu kilicho ndugu wa amfetamini kwa umbile na kwa athari. Katika nchi za Ghuba na Mashariki ya Kati vimeenea vidonge viitwavyo Captagon, ambavyo baadhi ya wanafunzi wamevimeza wakati wa mitihani. Dawa ya asili yenye jina hilo iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1986. Vinavyouzwa leo kwa jina hilo ni vya magendo, na aghalabu ni amfetamini iliyochanganywa na vitu vingine.

ASKARI ALITANGULIA

Wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi watapenda kujua kwamba historia ya vidonge hivi imewaunganisha mwanafunzi na askari tangu mwanzo. Katika miaka ya 1930 dawa ya Benzedrine, ambayo ni amfetamini, ilipoanza kuuzwa Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa ajili ya mitihani, baada ya kuijua kupitia majaribio ya kisaikolojia chuoni hapo.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ilianza kuuza vidonge vya Pervitin, ambavyo ni methamfetamini. Septemba 1939 daktari wa jeshi, Otto Ranke, alivijaribu kwa wanafunzi 90 wa chuo kikuu, akaona kwamba vingelifaa jeshi. Kati ya Aprili na Julai 1940, wakati wa mashambulizi dhidi ya Ufaransa, jeshi la nchi kavu na la anga la Ujerumani lilipelekewa vidonge milioni 35 vya aina hiyo. Miongoni mwa askari waliovitumia alikuwamo kijana Heinrich Böll, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Barua zake za vita zimehifadhiwa. Katika baadhi yake anawaomba wazazi wake wampelekee Pervitin. Familia ikawa duka la dawa la askari wake, bila kujua inapeleka nini.

Hesabu ya madeni haikuchelewa. Askari aliyekesha kwa vidonge alihitaji siku kadhaa kurudia hali yake, na wapo walioshindwa kuviacha. Julai 1941 serikali hiyohiyo ya Ujerumani iliiweka Pervitin chini ya sheria ya kasumba, ingawa jeshi liliendelea kuitumia. Nchini Japani, methamfetamini iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Philopon ilienea mno miongoni mwa raia baada ya vita kwisha mwaka 1945, hata ikalazimu itungwe sheria maalumu ya kuizuia mwaka 1951.

MWILI HUDANGANYWAJE

Ili kuelewa kwa nini deni hili halikwepeki, yafaa tutazame kidogo jinsi usingizi unavyokuja. Tangu mtu anapoamka asubuhi, ubongo wake unapofanya kazi hukusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi, na ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Mtu akilala, adenosini hupungua, na asubuhi huanza upya. Ndiyo saa ya mwili ya kumwambia mwenyewe: "Sasa pumzika."

Kafeini iliyo katika kahawa na chai huziba milango ambayo adenosini hupitia kupeleka habari hiyo. Adenosini yenyewe ingalipo, ila habari yake haifiki. Kafeini ikiisha nguvu, uchovu wote hurudi kwa pamoja. Amfetamini na methilfenideti hutumia njia nyingine iliyo kali zaidi. Huzidisha dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo ubongo huzitumia katika hamu, furaha na tahadhari. Mwenye kumeza hujiona ana ari, na kitabu kilichomchosha jana humpendeza leo. Wakati huohuo moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na njaa hukatika.

Hapa ndipo penye hatari. Uchovu ni mlinzi. Kazi yake ni kupiga kengele. Kidonge humziba mlinzi mdomo, lakini adui bado yuko langoni. Mwendesha baiskeli Tom Simpson wa Uingereza alikufa tarehe 13 Julai 1967 akipanda mlima Ventoux katika mashindano ya Tour de France, katika jua kali, akiwa na umri wa miaka 29. Mwilini mwake zilikutwa amfetamini na pombe. Mwili wake ulikuwa umefika kikomo, na dawa haikumwacha aisikie kengele. Watu wa Rusizi, ambao wamewashuhudia waendesha baiskeli wa Tour du Rwanda wakipanda milima yao, wanaweza kulipima jambo hilo bila kuelezwa zaidi.

Mwanafunzi hapandi mlima, lakini kukesha kunamchosha vilevile. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hulingana na mwenye kiasi cha asilimia 0.10. Hakuna mzazi ambaye angempeleka mwanawe mtihanini akiwa amelewa. Dereva wa lori na askari wa zamu nao wanahusika katika hesabu hii.

JE, AKILI HUONGEZEKA?

Si haki kusema kwamba dawa hizi hazifanyi lolote kwa mtu mzima wa afya. Tafiti kadhaa zimeona nafuu ndogo katika kazi fulani fulani, hasa kwa mtu aliyekuwa amechoka. Lakini nafuu hiyo haifanani hata kidogo na sifa zinazotolewa mabwenini.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la vijana 46 wenye afya. Siku moja walipewa amfetamini, siku nyingine kidonge kisicho na dawa, bila kuambiwa kipi ni kipi. Kisha wakapimwa kumbukumbu, ubunifu na uwezo wa kufikiri. Kwa jumla matokeo hayakutofautiana kwa maana. Kilichotofautiana ni maoni yao: waliomeza dawa waliamini kwamba wamefanya vizuri zaidi. Dawa iliwaongezea sifa ya kazi machoni pao wenyewe, kazi ikabaki ileile.

Jaribio jingine litawavutia wanajeshi. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Melbourne na Cambridge walitangaza matokeo ya watu 40 waliopewa fumbo la kujaza shanta. Una vitu vingi, kila kimoja kina uzito wake na thamani yake. Shanta haibebi kupita kiasi fulani. Chagua vitu vitakavyoleta thamani kubwa kuliko yote. Kwa siku mbalimbali walipewa methilfenideti, deksamfetamini, modafinili, au kidonge kitupu. Waliomeza dawa walihangaika zaidi: walitoa na kutia vitu mara nyingi na kutumia muda mrefu. Hata hivyo, ubora wa kazi yao ulishuka. Tena wale waliokuwa hodari walipokuwa hawana dawa ndio aghalabu waliorudi nyuma walipoimeza. Bidii iliongezeka, busara ikapungua.

Na mitihani yenyewe je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwafuatilia wanafunzi 898 wasio na ADHD, wakatoa matokeo mwaka 2017. Walioanza kutumia vidonge hivyo bila cheti hawakupata nyongeza ya alama. Waliojiepusha navyo ndio walioonekana kupiga hatua.

Sababu haiko mbali. Maarifa hayaingii kichwani yakakaa kwa kusoma tu. Hupangwa na kuimarishwa wakati mtu amelala. Jambo hili lilionyeshwa zamani, mwaka 1924, na Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell. Wanafunzi wawili walikaririshwa silabi zisizo na maana, kisha wakapimwa baada ya saa kadhaa, mara wakiwa wamelala, mara wakiwa wamekaa macho. Walipolala walikumbuka mengi zaidi. Basi anayemeza kidonge ili asilale ni sawa na mkulima anayepanda usiku kucha na kumkatalia mvua asubuhi.

HATARI YA KUNUNUA GIZANI

Kuna hatari za dawa yenyewe: kukosa usingizi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira, huzuni kubwa inapoisha nguvu, na kwa baadhi ya watu kusikia sauti zisizokuwapo au kuamini kwamba wanafuatwa. Mwenye maradhi ya moyo ambaye hajui kwamba anayo yumo hatarini zaidi. Amfetamini huwa utumwa kwa mtumiaji: kidonge kimoja huwa viwili, na mtihani unapokwisha haja haiishi. Akichanganya na pombe, dawa humficha ulevi wake, naye huendelea kunywa hata akapita kiasi.

Kisha kuna hatari ya duka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni ya bandia au haifikii kiwango. Mtu anayenunua kidonge mfukoni mwa mtu, bila cheti, bila mfamasia na bila pakiti, hawezi kujua amemeza nini. Wilaya ya mpakani kama Rusizi, ambako bidhaa na watu wamevuka daraja kwa vizazi vingi, haina budi kuwa macho zaidi.

Sheria nayo iko wazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1971 umeziweka amfetamini na methilfenideti katika jedwali la pili la dawa zinazodhibitiwa, na Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizomo. Tangu 2018 Rwanda ina mamlaka yake ya kusimamia ubora wa chakula na dawa, na sheria ya makosa na adhabu ya mwaka huohuo imeweka vifungo virefu, hata cha maisha kwa dawa zilizo kali kupita zote, kwa wanaofanya biashara ya dawa za kulevya. Kijana anayemgawia mwenzake vidonge vya kudhibitiwa hudhani anafanya hisani, kumbe anajitia katika njia ya mkono wa sheria.

NAMNA BORA YA KUSOMA

Kumkataza kijana kidonge bila kumpa kitu badala yake ni kazi nusu. Kwa bahati njema, zipo mbinu zisizogharimu senti moja.

Ya kwanza ni kujipima. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari fupi. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudiarudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Kijana na afunge kitabu, achukue karatasi, aandike alichoelewa, kisha afungue kuona alichoacha.

Ya pili ni kugawa kazi. Saa moja kila siku kwa wiki mbili hushinda saa kumi na nne za kukurupuka mwishoni.

Ya tatu ni kulala. Hakuna kamanda mwenye akili anayemweka askari mmoja lindoni usiku kucha. Huweka zamu, kwa kuwa anajua jicho lililochoka humwona adui akiwa amekwisha kufika. Kijana wa chuo hana mwenzake wa kumpokea lindo ila usingizi.

Na kahawa? Rusizi haiwezi kuisema vibaya, maana mbegu za kwanza za kahawa nchini zilipandwa Mibirizi mwaka 1904 na wamisionari wa Kijerumani. Kikombe asubuhi au baada ya chakula cha mchana hakimdhuru kijana mzima wa afya. Lakini nusu ya kafeini hubaki mwilini yapata saa tano baada ya kunywa. Kwa hiyo kahawa ya jioni huiba usingizi wa usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe vivyo hivyo, na visichanganywe na pombe.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mzazi atajuaje? Atazame mabadiliko kwa pamoja: kijana halali siku mbili tatu mfululizo, hana hamu ya kula, anakonda, anasema haraka bila kutulia, kisha mitihani ikiisha analala mchana na usiku, au anazama katika huzuni. Fedha nazo hupotea bila maelezo. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu hata wasiwasi wa mtihani humkondesha mtu.

Baba aliye polisi anajua kuhoji, na mama aliye jeshini anajua kutoa amri. Ujuzi huo waache kambini. Kijana aliyeketi mezani kwenu si mtuhumiwa. Mwulize amelala saa ngapi kabla ya kumwuliza amepata alama ngapi. Hilo peke yake litamfungua mdomo. Akikiri kwamba anatumia, msimlazimishe aache kwa siku moja gizani, bali mpelekeni kituo cha afya. Akipatwa na maumivu ya kifua, akizimia, au akianza kuona na kusikia yasiyokuwapo, msingojee kupambazuke. Hospitali za Gihundwe na Mibirizi ziko wilayani Rusizi, na kwa maradhi ya akili ipo hospitali ya Ndera mjini Kigali. Mwambieni daktari ukweli kuhusu kilichomezwa. Bila ukweli huo hawezi kuchagua tiba.

Wenye dawa hizi nyumbani kwa cheti halali wazifungie kabatini na kuzihesabu. Dawa ya mgonjwa mmoja si akiba ya ukoo.

Hatimaye wazazi tuyapime maneno yetu wenyewe. Wapo wanaowaaga watoto wao kwa kusema, "Usirudi hapa bila shahada." Maneno hayo huonekana kuwa ya kutia moyo, lakini kijana aliyeshindwa somo moja huyasikia kama mlango unaofungwa, na mbele ya mlango uliofungwa kidonge huonekana kuwa ufunguo. Somo likianguka hurudiwa mwaka ujao, na ng'ombe aliyeuzwa atapatikana mwingine. Kabla ya mitihani ya msimu huu, mpigieni simu mwanenu mumwambie hivyo waziwazi, kisha mwambieni akalale.